Wafagizi wa Kamalondo

Walikuja tisa, ndani ya dumu dogo lililoviringishwa blanketi,
siku nne za basi toka Dar, mipaka miwili.
Niliwafuata Kasumbalesa.
Askari wa forodha alifungua, akanusa,
akauliza: hii ni dawa ao ni mboga?
Nikasema, ni wafagizi.
Alicheka, akala faranga zangu elfu tano, akagonga muhuri.

Tangi ni la yule Mgiriki aliyeuza samaki wa barafu;
alipohama aliliacha uani, lina ufa.
Nikaziba ufa. Nikakoroga bahari kwa mwiko wa bukari,
gramu thelathini na tano kila lita,
bahari ya lita mia mbili, mezani,
kati ya redio na picha ya ndoa ya dada.
Umeme ukikatwa, betri ya lori inaisukuma.

Mwezi wa pili mawe yakaota manyoya:
kwanza ya kahawia, kama masizi ya sufuria,
kisha ya kijani, marefu, laini,
hata matumbawe yangu mawili yakafumba
kama watu waliochoka kusalimiwa.
Ndiyo sababu ya konokono.

Maji ya bomba, hapana.
Nilidondosha matone manne ya kipimo kikombeni,
yakageuka samawati palepale.
Tunayanywa, watoto wanakua, wanacheza mpira.
Konokono ukimpa hayo hamalizi wiki.
Katika mji huu wa shaba,
ambako hata vumbi la kizingiti lina bei,
mimi nakinga mvua kwa plastiki
ili viumbe tisa wasionje kilichotusomesha.

Baba, Mwilambwe wa tanuru,
miaka thelathini na mmoja mbele ya moto,
kila jioni alisogeza kiti hadi kwenye kioo.
Kifua kikipiga mluzi, pampu ikimwitikia.
"Aba banakula nini?"
Wanakula uchafu, baba.
"Na mushahara?"

Nilimwonya: mmoja akianguka chali
hawezi kujigeuza, atakufa anatazama taa.
Uniite.
Usiku mmoja hakuniita.
Alikunja shati, akazamisha mkono hadi kiwiko,
akamgeuza taratibu, kama mtu anayefunika mtoto.
Asubuhi alinisimulia mara mbili.

Bangili hakuisimulia, maana hakujua.
Ile ya shaba, ya kuzuia yabisi,
aliyoifua mwenyewe akiwa na mkono mnene.
Mkono umepungua. Bangili iliteleza,
ikalala mchangani nyuma ya jiwe, siku tatu.

Wa kwanza alifunga mlango. Wa pili akaachia kioo.
Nilipopima, samawati.
Nilipopekua mchanga, niliipata, inang'aa,
safi kuliko ilivyowahi kuwa.
Sita.

Baba aliwabeba katika kifuniko cha sufuria
akawafukia penye mpapai, kila mmoja na tundu lake.
Alikaa muda kabla ya kusema:
"Miye, myaka makumi tatu na moya.
Aba, siku tatu tu."
Sikupata la kumjibu. Nilikuwa nabadilisha maji,
ndoo ya saba, ya nane.

Watatu wamebaki.
Kioo kikianza kuota kijani
wanapita usiku, na asubuhi ipo njia,
inakwenda kushoto, inarudi kulia,
mshono wa fundi asiye na haraka.
Baba huifuata kwa kidole, upande huu wa kioo.
Kwenye kifundo cha mkono, palipokuwa bangili,
pamebaki pete ya kijani
ambayo sabuni haijaiweza.

Jana nimemkuta ananawa kwa maji ya mvua,
anasugua hadi kiwikoni, anasuuza, anasugua tena.
Mmoja alikuwa chali.
Aliingiza vidole viwili tu.
"Amka, mwenzangu," alimwambia.
"Zamu yako hii."